Kumbe Alikuja kwa Lake

Katika The Magnificent Seven ya mwaka 2016, Denzel Washington alikuwa amemkaba adui ndani ya kanisa lililoungua paa, na sebuleni kwa baba mdogo hakuna kijana aliyebaki kwenye kiti. Wajukuu zake walishashuka chini, magoti yanakaribia kugusa runinga. Bakuli la bisi limesukumwa pembeni, halina mwenyewe. Kovu la kamba likaonekana shingoni mwa Denzel, naye akaanza kumkumbusha yule bwana mambo ya Kansas: mama yake, dada zake, na yeye mwenyewe alivyotundikwa akaachwa afe.

Sebule ikalipuka.

"Si nilisema! Si nilisema huyu ana kisasi naye!" Mmoja akapiga mluzi, mwingine akagonga meza hadi vikombe vikacheza.

Baba mdogo alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akasema taratibu:

"Kumbe alikuja kwa lake."

"Sasa Babu," mjukuu mkubwa akamgeukia, "ulitaka aje kwa la nani?"

Mzee hakujibu. Aliomba aongezewe chai. Filamu ikaendelea hadi majina yalipoanza kupanda kwenye skrini, na hapo ndipo ukapigwa ule muziki wa Elmer Bernstein wa mwaka 1960, ambao filamu mpya ilikuwa imeubana muda wote. Baba mdogo akaufuata kwa kuimba puani, kipande kwa kipande, macho kayafumba. Vijana walikuwa wameshatoka nje.

Swali la yule kijana nimetembea nalo wiki kadhaa sasa.

Ugomvi wa rangi

The Magnificent Seven ya Antoine Fuqua ilipotoka Septemba 2016, watu wengi walikuja nayo vita tayari. Wapo waliouliza kwa nini filamu ya John Sturges ya mwaka 1960 iguswe. Hoja hiyo naipita haraka, kwa sababu Sturges naye alichukua cha mwenzake: hadithi hii ya wapiganaji saba wanaokodiwa kulinda wakulima dhidi ya majambazi ni ya Akira Kurosawa, aliyetoa Seven Samurai kule Japani mwaka 1954. Saba hawa walishavuka bahari mara moja kabla hatujaanza kuwalilia.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa rangi. Kiongozi mweusi, na nyuma yake Mmeksiko, Mkomanche, na mtu aliyetoka mashariki ya mbali na visu vyake. Wakasema hizo ni siasa za leo zimevalishwa kofia ya kauboi. Mwaka 1879 wazungu gani wangemfuata mtu mweusi vitani?

Bass Reeves alizaliwa mtumwa Arkansas mwaka 1838. Mwaka 1875 akaapishwa kuwa askari wa mahakama ya shirikisho ya Jaji Isaac Parker pale Fort Smith, akafanya kazi hiyo miaka 32 katika nchi ya Wahindi Wekundu, na anahesabiwa kuwa alikamata watu zaidi ya 3,000, weupe kwa weusi. Wanahistoria wanakadiria kwamba katika kila makauboi wanne wa zama zile, mmoja alikuwa mweusi. Aliyewafuta ni Hollywood. Kwa hiyo Denzel juu ya farasi, kavaa nyeusi tupu, yuko karibu zaidi na historia kuliko wengi tuliowashangilia.

Na tuliwashangilia kwelikweli. Kinshasa ya miaka ya 1950 ilikuwa na vijana waliojiita Bills, kwa heshima ya Buffalo Bill, wakitembea na kuvaa kama watu waliowaona kwenye skrini. Kwetu pwani, baba mdogo ananiambia, picha ya kauboi ikiletwa Tanga wiki ile hakuna kijana aliyefunga kitufe cha juu cha shati. Waafrika tumempenda kauboi miaka mingi sana kabla ya kumwona kauboi anayefanana nasi akiongoza msafara. Mimi nilipomwona Denzel anaingia kwenye ile baa, watu wote wakanyamaza, kifua kilinijaa. Sitaki mtu anisome hapa akadhani nililalamikia hilo.

Tena ya 1960 nayo haikuwa imefumba macho kuhusu rangi. Inakaribia kuanza na maiti. Mhindi Mwekundu kafa mtaani, wasafiri wawili wamelipia mazishi yake, lakini wenyeji wamekataa azikwe kwenye makaburi yao ya kilimani. Mwenye gari la maiti kakosa dereva. Ndipo Yul Brynner anasogea, anashika hatamu. Steve McQueen anaruka kukaa pembeni yake na bunduki. Na wawili hao, wasiomjua marehemu wala kujuana, wanampeleka juu chini ya risasi. Wakulima watatu wa Meksiko wamesimama wanatazama. Wakajua wamepata mtu wao.

Hayo yote tuliyagombania, au tungeweza kuyagombania. Lakini baba mdogo hakusema neno hata moja kuhusu rangi.

Dola 20

Nilirudi nikaiangalia ya 1960 peke yangu, usiku, nikiwa na sentensi ya mzee kichwani, nikifuatilia jambo moja tu: kila mtu anakwenda kwa nini?

Malipo ni dola 20 kwa wiki sita. Wakulima walikuja mjini kununua bunduki, Brynner akawaambia siku hizi watu ni rahisi kuliko bunduki. McQueen alikuwa na nafasi ya kazi ya kuuza dukani, akaiacha. Charles Bronson anakutwa anapasua kuni, hana kitu. Robert Vaughn mikono inamtetemeka, uhodari umemtoka, anatafuta mahali pa kujificha. James Coburn ni mtu wa ustadi, anataka kujipima. Kijana Horst Buchholz anataka wakubwa wamhesabu.

Halafu yuko yule wa saba ambaye kila mtu anamsahau. Baba mdogo aliwataja sita kwa vidole, akakwama, nami nikamtajia: Brad Dexter. Huyu ndiye anayenigusa zaidi. Tangu mwanzo haamini kwamba rafiki yake Brynner anaweza kwenda kufa kwa dola 20. Lazima kijijini kuna kitu. Dhahabu, fedha, vito, kitu. Anauliza, anapeleleza, anawabana wanakijiji. Anafikishwa mwisho wake akiwa amelala mikononi mwa Brynner, na bado anauliza. Brynner anamwambia ndiyo, dhahabu ipo, tele. Anamdanganya ili afe akiwa ametulia.

Siku hizi namwona Dexter kila mahali. Ni mtu ambaye hawezi kukata roho mpaka aambiwe kulikuwa na maslahi.

Kisha Eli Wallach, jambazi Calvera. Alishawakamata saba, akawanyang'anya silaha, akawasindikiza nje ya kijiji na kuwarudishia bunduki zao, kwa kuwa kwa akili yake ya kazi hakuna mtu mzima atakayerudi. Wakarudi. Anakufa mavumbini akimtazama Brynner, anamuuliza kwa nini amerudi mahali kama pale, mtu kama yeye. Kwa nini?

Brynner hamjibu.

Filamu nzima imeshikiliwa na jibu hilo ambalo halikutolewa. Ile ya 2016 imelitoa.

Maneno yaleyale

Kuna kipande kimoja ambacho filamu zote mbili zinakisema karibu neno kwa neno. Wanakijiji wanaweka mezani kila walicho nacho. Shujaa anatazama, kisha anasema amewahi kuahidiwa vingi kwa kazi yake, lakini hajawahi kuahidiwa vyote.

Kwa Brynner, hapo ndipo mlango unapofunguka. Ni mtu wa kukodiwa, bei za watu anazijua, na bei hii imemshinda kuikataa kwa sababu aliyeitoa habakizi chochote nyumbani. Kurosawa alilifanya jambo hili kwa wali. Wakulima wake wanawalisha samurai mchele wakati wao wenyewe wanakula nafaka duni, na Kambei, kiongozi wa samurai, alipoelezwa hivyo, anashika bakuli na kusema hataupoteza wali huo. Mkataba mzima uko ndani ya bakuli lile.

Denzel anayasema maneno yale vizuri, kwa ile sauti yake ya chini. Mjane Emma Cullen, aliyekuja kumkodi, yuko mbele yake. Ameshasema anatafuta haki, ila kisasi nacho atakipokea. Lakini Sam Chisolm, ndiye huyu Denzel, hakutaka kwenda mpaka aliposikia jina: Bartholomew Bogue, yule adui wa kanisani. Nilirudisha nyuma nikaangalia tena uso wake. Jina likitajwa, kuna kitu kinafungwa machoni. Ukishajua mwisho, maneno ya "vyote" yanabaki kuwa adabu tu. Emma angeweka mezani senti moja, Chisolm angekwenda.

Baba mdogo aliliona hilo kwa kuangalia mara moja. Mimi nilihitaji kurudia.

Deni la damu

Vijana nao wana haki yao, na wameirithi kwetu.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza, viti vya mbao, pazia la gunia, jasho, tulifundishwa filamu na wakalimani. Lufufu hapa kwetu, DJ Afro kwa majirani zetu wa Kenya. Mkalimani alikuwa anaichukua filamu na kuitia moyo wetu. Ukikaa chini ya sauti ile kila Jumamosi unajifunza kanuni: steringi hafi, na steringi hapigi mtu bila deni. Baba kauawa. Mwalimu wa kung fu katiliwa sumu. Kijiji cha wazazi kimechomwa na mtoto kajificha kwenye pipa la unga akaona kila kitu kupitia tundu. Picha za Kihindi zilituongezea mama kipofu na ndugu waliopotezana. Adui alipokwenda kuuawa, lazima kwanza akumbushwe: unanijua mimi ni nani?

Kwa hiyo vijana walipomwona Denzel akimkumbusha Bogue, waliona filamu imekamilika. Deni limelipwa. Makofi yao yalikuwa ya watu wanaojua hesabu.

Nami nilipiga makofi. Chisolm aliyastahili.

Lakini angalia wakati tunapoambiwa. Goodnight Robicheaux na Billy Rocks, wawili kati ya wale saba, wameshakufa juu ya mnara wa kengele. Jack Horne ameshachomwa mishale. Faraday ameshapanda farasi peke yake kuielekea ile bunduki ya rasharasha, kapigwa risasi, kaanguka, kapiga magoti, kawashiwa sigara na adui zake wenyewe kama huruma ya mwisho, halafu baruti ikawaondoa wote pamoja naye. Wanne wamekufa kwa ajili ya kijiji. Baada ya hapo tunapelekwa kanisani, tunaelezwa kwamba aliyewaleta alikuwa na shauri lake na Bogue tangu miaka mingi nyuma.

Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa mzee. Hakuwa anamlaumu Chisolm kwa kulipiza. Alikuwa anawahesabu wale wanne.

Mfereji wa mtaani

Masika yaliyopita mtaani kwetu maji yaliingia majumbani. Kalavati la kona lilikuwa limejaa chupa za plastiki, magunia na matope yaliyoganda. Kila mtu alijua. Kila mtu alipita.

Jamaa mmoja aliyehamia karibuni akatoka asubuhi na gambuti na jembe, akashuka ndani ya mfereji, maji yanafika mapajani. Alichokonoa mpaka adhuhuri. Nilikuwa dirishani napiga deki maji ya sebuleni, nikasikia kibarazani kwa jirani wanaongea. "Huyo anautaka uenyekiti wa mtaa." "Hapana, ana kiwanja huko chini, anakiokoa." "Ana lake huyo, ngoja tu."

Kalavati likafunguka kwa kishindo, maji yakavutwa, mtaa ukapumua. Uchaguzi ulipofika jamaa hakugombea chochote. Kiwanja hakikuonekana. Watu wakaendelea kusubiri, na nadhani wapo wanaosubiri mpaka leo, kwa nia njema kabisa, wajue alikuwa anatafuta nini.

Nilipoiona ile filamu nikamkumbuka. Tumefika mahali ambapo wema usio na maelezo unatutia wasiwasi kuliko ubaya. Mwizi tunamwelewa. Mtu aliyeshuka mfereji usio wake tunataka risiti yake. Sidhani kama Hollywood ya 2016 ilikuwa tofauti na kibaraza cha jirani yangu. Waandishi walikuwa na shujaa anayekwenda kufa kwa ajili ya wageni, wakahofia hatutaamini, wakamtafutia kovu.

Ningeishia hapo ningekuwa nimetulia.

Lakini ni nani anayeombwa aje bure?

Kilichonikosesha usingizi ni mpwa wangu wa kike, aliyekuwa kimya siku ile. Nilipomsimulia haya yote jikoni, tunachambua mchicha, alinisikiliza hadi mwisho kisha akasema: "Anko, kiongozi wa hao wa zamani alikuwa mzungu. Huyu ni mweusi. Unamtaka naye afe bure kwa ajili ya mji wa wazungu?"

Niliweka kisu chini.

Kwa sababu ni kweli. Ya 1960 ilikuwa ni watu wenye bunduki wakivuka mpaka kwenda kuokoa wakulima maskini wa Meksiko. Nguvu ilikuwa upande wao, na kutokuwa na sababu kulikuwa ni hiari yao. Fuqua ameihamishia Rose Creek, mji wa walowezi weupe. Sasa mweke Chisolm pale bila lake. Miaka 14 tu tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vikome na utumwa ufutwe. Mtu mweusi anaacha njia yake, anaweka roho yake rehani, kwa ajili ya watu kama wale walionyamaza alipoingia baa, hadai kitu, hana machungu, hana mama, hana kijiji alikotoka. Mtu huyo tumemwona. Sinema ya Marekani imemtengeneza mara nyingi: mweusi mwema asiye na habari yake mwenyewe, anayeishi ili mzungu aokoke.

Kovu la Chisolm linakataa hilo. Linasema huyu ana watu wake, wana makaburi yao, naye hakuzaliwa ili awe daraja la Emma Cullen. Kamba shingoni mwa mtu mweusi Marekani si pambo la hadithi. Maelfu walinyongwa hivyo na makundi ya watu, tangu baada ya vita vile hadi karne ya 20. Fuqua na Denzel walijua wanaonyesha nini walipoifungua shingo ile.

Mpwa wangu aliendelea kuchambua. "Babu anasema alikuja kwa lake kama vile ni kosa. Mimi nilifurahi kwamba analo."

Sijaweza kumjibu vizuri mpaka leo. Nimejaribu kuyaweka pamoja maneno ya wawili hawa, la mzee na la binti, na hayakai kwenye kiti kimoja. Ila sitaki kuacha hata moja. Mzee amenionyesha kilichopotea: lile swali la Calvera ambalo lilikufa naye bila kujibiwa, na ambalo kwalo watazamaji wa 1960 walitoka ukumbini wakijiuliza wenyewe. Binti amenionyesha kwamba ukimya wa Brynner ulikuwa mavazi ya mtu ambaye hakuna aliyewahi kumdai ajieleze. Chisolm anadaiwa kila anapoingia mlangoni.

Nani aliyemiliki kitu kile

Nilimpelekea baba mdogo hoja ya mpwa wangu. Aliisikiliza mkono uko sikioni, akasema, "Binti ana akili." Akafikiri. "Basi angewaambia wenzake mapema. Mtu ukiwa na lako, waambie unaokwenda nao."

Hapo nadhani ndipo hasa filamu ya Fuqua ilipoteleza, wala si penye kovu. Kisasi cha Chisolm kingewekwa wazi mapema, mbele yetu na mbele ya wote saba, Faraday angepanda farasi yule akijua, nasi tukijua kwamba anajua. Anakufa kwa ajili ya mji na kwa ajili ya mama wa mtu mwingine, kwa hiari. Ingekuwa kubwa kuliko ya 1960. Wakaihifadhi siri hadi kanisani kwa sababu siri hushangiliwa, na sebule yetu ni ushahidi.

Filamu inafungwa na sauti ya Emma, makaburi manne yakionekana, akisema kwamba watu wale walipigana na kufa kupata kitu ambacho hakikuwa chao. Nimeyasikiliza maneno yale mara kadhaa sasa. Kwa Faraday ni kweli. Kwa Goodnight, aliyekimbia usiku kwa woga kisha akarudi asubuhi, ni kweli zaidi. Kwa Billy, kwa Horne, ni kweli. Chisolm si wa kuhesabiwa humo, naye hahitaji. Alichokuja kukichukua Rose Creek kilikuwa chake tangu Kansas.

Kwa hiyo mtu akiniuliza sasa steringi wa filamu ile ni nani, najibu Goodnight Robicheaux, na vijana wa nyumbani wananibishia.